Kombi ya Vitofali: Umbo Lililohifadhiwa, Mzigo Ulioachwa

Kila tafsiri ina maswali mawili ya kujibu: imelibeba umbo la kazi ya asili kwa kiasi gani, na katika maana nyingi za kazi hiyo imeibeba ipi. Swali la kwanza wahakiki wetu hulipenda, kwa sababu lina kipimo. Mizani huhesabika, vina husikika, na anayekosea hunaswa papo hapo. Swali la pili ni gumu zaidi, kwani tafsiri inaweza kuwa sahihi mstari kwa mstari na bado ikawa imemnyamazisha mtu aliyekuwa akisema ndani ya kazi ya asili. Katika makala haya nakusudia kuyauliza maswali haya mbele ya kazi isiyoandikwa kwa wino: kielelezo cha kombi ya Volkswagen, ile ya kulala safarini, kilichobuniwa kwa vitofali vya plastiki na kampuni ya LEGO ya Denmark. Kilitolewa mwaka 2011 kikiwa na vipande 1,334. Pamoja nacho nitamtazama mdogo wake wa mwaka 2021, aliyemzidi kaka kwa kimo, mwenye vipande 2,207.

Yuko atakayesema kwamba kurasa za mashairi si pahala pa vitu vya kuchezea. Namwomba asubiri. Washairi wa bahari hii tumelelewa katika sanaa ya vipande. Mstari wa shairi letu la tarbia una mizani 16, nao umekatwa vipande viwili vya mizani 8, na kila kipande kina kina chake pa kuegemea. Mtu aliyezoea kuipachika fikra yake katika nafasi zilizopimwa kabla hajazaliwa hawezi kuwa mgeni mbele ya sanduku la vitofali. Ugeni wake ni wa vifaa tu.

Basi tuanze na vifaa. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala katika mji mdogo wa Billund, na mwaka 1932 alianza kutengeneza vitu vya mbao vya kuchezea watoto. Jina la LEGO alilichagua mwaka 1934 kutokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya "cheza vizuri". Plastiki ilikuja baadaye. Tarehe 28 Januari 1958 mwanawe, Godtfred, aliomba hataza ya kitofali tunachokijua leo: juu kina vinundu, ndani kina mirija, na vinundu vya kitofali kimoja hubanwa na mirija ya mwenzake hata visiachane bila ya kuvutwa. Kitofali cha mwaka huo wa 1958 bado kinashikana na cha leo. Lugha ngapi zinaweza kujisifu kwamba sarufi yake haikuteteleka kwa zaidi ya miaka 60?

Sarufi hiyo ina hesabu, na hesabu hiyo ndiyo siri ya kielelezo ninachokihakiki. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kimo cha kitofali kamili, bila ya kinundu, ni milimita 9.6. Kibapa, yaani kitofali chembamba, ni thuluthi ya kimo hicho, milimita 3.2. Ukivipanga vibapa vitano utapata milimita 16, na milimita 16 ni upana wa vinundu viwili kamili. Kwa hiyo mjenzi anaweza kukilaza kitofali ubavu, kinundu kikatazama mlangoni badala ya darini, na bado kazi yake ikakutana bila ya pengo. Wima na ulalo vina mahali pa kuafikiana. Kwetu jambo hilo huitwa urari, nao haupatikani kwa yeyote asiyeijua hesabu ya bahari anayoogelea.

Tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, mjadala wa vina na mizani haujapoa. Upande mmoja husema kanuni ni pingu, upande mwingine husema bila ya kanuni hakuna shairi. Sitaki kuufufua ugomvi huo hapa, ila nataka kuweka namba moja mezani. Søren Eilers, mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, alihesabu njia zote za kuviunganisha vitofali sita tu, vya rangi moja, vyenye vinundu vinane kila kimoja. Alipata njia 915,103,765. Vitofali sita! Anayesema kwamba kipimo kisichobadilika huleta kazi za namna moja na ajibu namba hiyo kwanza. Na anayesema kwamba kipimo peke yake kinatosha naye ana lake la kujibu, kwa sababu katika njia hizo zaidi ya milioni 900, zilizo nyingi hazifanani na kitu chochote.

Sasa tuitazame kazi ya asili. Tarehe 23 Aprili 1947 Ben Pon, mfanyabiashara wa magari wa Uholanzi, alichora katika daftari lake umbo la gari la mizigo. Katika kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg alikuwa ameona vigari vya kubebea vyuma, vilivyoungwaungwa na wafanyakazi kwa matumizi ya ndani, na wazo likamjia. Mchoro wake ulikuwa sanduku tu: dereva mbele kabisa, juu ya magurudumu, injini nyuma, na katikati nafasi ya mzigo wa kilo 750. Utengenezaji ulianza tarehe 8 Machi 1950. Injini yake ilikuwa na nguvu farasi 25, ikipozwa kwa hewa, nayo ilitakiwa kulisukuma sanduku pana dhidi ya upepo. Ndipo pua ya sanduku ilipokunjwa. Majaribio yaliyofanywa katika chuo cha ufundi cha Braunschweig yalionyesha kwamba uso uliochongwa hupenya hewa vyema kuliko uso bapa, na kutokana na hayo gari likapata kioo cha mbele kilichogawika mara mbili na mkunjo wa herufi V uliokuja kutambulika dunia nzima.

Naomba msomaji alishike jambo hilo. Mkunjo ule haukuwa pambo. Ulikuwa jibu la injini dhaifu kwa upepo mkali, kama pua ya jahazi ilivyo jibu kwa wimbi. Wanaoliita gari lile zuri wanasema kweli, lakini uzuri wake ulitangulizwa na haja.

Hapo ndipo mtihani wa mfasiri ulipo. John-Henry Harris, mbunifu wa kielelezo cha 2011, alichagua kombi ya mwaka 1962, nyekundu chini na nyeupe juu. Gari la asili lina urefu wa kama mita 4 na sentimita 28, kielelezo kina sentimita 30, kwa hiyo asili imepunguzwa karibu mara 14. Katika gari la asili hakuna mahali penye pembe kali. Katika vifaa vya mfasiri hakuna kitu kisichoanza na pembe ya mraba. Na bado, ukiisimamisha kombi yake juu ya rafu na kurudi nyuma hatua tatu, V ile unaiona ikishuka kutoka chini ya vioo viwili hadi kwenye bamba la mbele, na mabega ya gari yameviringana. Ukisogea utaona kwamba mviringo huo haupo. Kuna ngazi ndogondogo, vibapa vilivyolazwa ubavu, na vipande vya mteremko vilivyochaguliwa kwa subira, na jicho lako ndilo linalomalizia.

Hii ndiyo sehemu ninayoisifu bila ya kusita. Mfasiri mbovu angeagiza kifaa kipya kwa kila kona ngumu, kama mshairi anayeokota neno la kigeni kila kina kinapomshinda. Harris ameitegemea zaidi sarufi iliyopo. Injini iko nyuma pahala pake, mitungi imelala kushoto na kulia kama ilivyolala katika gari la kweli. Vioo vya mbele hufunguka kwa nje kuingiza upepo. Paa huinuka, na kitambaa hukunjuka kuwa hema. Ndani mna kabati, meza ya kukunja, na kiti cha nyuma kinacholazwa kikawa kitanda. Hakuna mahali ambapo mkono wa mjenzi unalazimishwa kudanganya.

Nilikijenga kielelezo hiki kwa usiku sita, nikifuata kijitabu cha maelekezo. Wapo wanaodharau ujenzi wa kijitabu, wakisema ni kazi ya kasuku. Sikubaliani nao. Mghani wa utenzi hakuutunga utenzi anaoughani. Kazi yake ni kupitisha kila mshororo mdomoni kwa kasi inayostahili, na katika kufanya hivyo huujua utenzi kuliko aliyeusoma kwa macho. Kijitabu hiki humfundisha mjenzi vivyo hivyo. Katika hatua za mwanzo anaweka vibapa ambavyo havionekani kuwa na maana yoyote. Mbele zaidi, vibapa vile vile vinakuja kuubeba ubavu mzima wa gari. Mtu aliyenunua kombi iliyokwisha kutengenezwa hawezi kulijua hilo, kama asiyeghani asivyojua ni wapi mtunzi alipata shida.

Kielelezo cha 2021 kimetafsiri kombi nyingine, ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1967, yenye kioo kimoja kilichopinda badala ya viwili na mlango wa ubavuni unaoteleza. Kina urefu wa sentimita 35 na rangi ya buluu na nyeupe. Kwa ufundi kimepiga hatua. Usukani wake huyageuza magurudumu ya mbele, jambo ambalo kielelezo cha kwanza hakiwezi, na mlango wake wa kuteleza ni mstari bora kuliko yote katika kazi hiyo: unaposukumwa hutoa mlio, na mlio huo humkumbusha mlango wa kweli kila aliyewahi kuupanda. Katika hilo mfasiri ametafsiri sauti, na tunajua sote kwamba sauti ndiyo inayofia njiani kwanza.

Hata hivyo, kati ya kazi hizi mbili ninaipa ubora ile ya 2011. Ya 2021 inasema mno. Ina ubao wa kuchezea mawimbi, ina viti vya kukunja vya kuweka nje, ina jiko, birika, friji na maua ya kubandika mwilini. Kila kimoja kimeundwa kwa ustadi, lakini vyote kwa pamoja vinamshika msomaji mkono na kumwambia ahisi nini: likizo, ujana, pwani, jua. Shairi linalotaja huzuni katika kila ubeti humchosha msomaji kabla hajahuzunika. Kielelezo cha kwanza nacho kina mizaha yake; dirishani mmetundikwa fulana yenye maneno yanayoichezea kaulimbiu ya vijana wa miaka ya 1960 waliopinga vita. Lakini mzaha huo ni mmoja, na kombi imeachiwa nafasi ya kunyamaza.

Nimefika sasa kwenye swali la pili, na hapa sifa zangu zinapungua. Vielelezo vyote viwili vimechagua maana moja. Ni kweli kwamba kampuni ya Westfalia ilianza kuzigeuza kombi kuwa vyumba vya kulala tangu mwaka 1951, na ni kweli kwamba vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 walizipaka maua. Lakini gari lile lilichorwa ili kubeba mzigo. Lilisambaza mikate na barua, lilibeba wagonjwa, mafundi na ngazi zao. Nchini Brazil utengenezaji wake uliendelea hadi Desemba 2013, na waliolipanda huko walikuwa zaidi watu wa kazi na wanafunzi kuliko watu wa likizo. Na kiwanda chenyewe cha Wolfsburg, kabla ya kombi ya kwanza kutoka, kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1938 chini ya utawala wa Wanazi, na wakati wa vita kiliendeshwa kwa jasho la maelfu ya watu waliolazimishwa kazi. Gari la amani lilizaliwa katika nyumba isiyokuwa na amani. Sidai kwamba sanduku la vitofali liyaseme yote hayo. Nasema tu kwamba tafsiri iliyokolea utamu wa namna hii humsahaulisha msomaji kwamba kulikuwa na ladha nyingine.

Nitataja kombi moja ambayo haikutafsiriwa. Katika kisiwa cha Johns Island, karibu na mji wa Charleston katika jimbo la South Carolina, aliishi Esau Jenkins, Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1910. Alikuwa na mabasi ya kuwavusha watu wa kisiwani kwenda kazini na shuleni mjini. Wakati huo sheria za jimbo zilimtaka mpiga kura aweze kusoma sehemu ya katiba, na sharti hilo lilitumiwa kuwafungia mlango watu weusi. Abiria mmoja, Alice Wine, alimwomba Jenkins amsaidie kuisoma. Basi likawa darasa. Watu walijifunza katiba wakiwa safarini, na Januari 1957 likafunguliwa kisiwani humo darasa la jioni lililokuja kuigwa kote kusini mwa Marekani kwa jina la Shule za Uraia. Baadaye Jenkins alikuwa na kombi ya Volkswagen ya mwaka 1966, na nyuma yake aliandika maneno ambayo kwa lugha yetu ni haya: mapenzi ni maendeleo, chuki ni ghali. Sehemu za bodi ya kombi hiyo zimehifadhiwa na makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.

Hiyo nayo ni kombi ya miaka ya 1960. Ina V? Ina. Ina injini nyuma? Ina. Umbo lake lote limo ndani ya vipande 1,334, isipokuwa abiria wake.

Nitajibiwa kwamba mfasiri ana haki ya kuchagua, nami nakubali. Mwalimu Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare mwaka 1969, mfanyabiashara mmoja wa Venice aliyemo katika jina la Kiingereza aligeuka kuwa wengi, tena mabepari: *Mabepari wa Venisi*. Lilikuwa chaguo kubwa, na limebishaniwa. Lakini Nyerere alilitia chaguo lake mlangoni, kwenye jalada, ambapo kila mtu angeliona na kulipinga akitaka. Chaguo la kombi ya vitofali limejificha ndani ya kumbukumbu tamu, na msomaji hulimeza akidhani kwamba hakuna kilichochaguliwa. Tofauti iko hapo. Simlaumu mfasiri kwa kuchagua. Namlaumu anapotufanya tusahau kwamba amechagua.

Hata hivyo vitofali vina haki moja ambayo kitabu kilichopigwa chapa hakina: vinafunguka. Nilipoyafikiri haya niliirudisha kombi nyekundu mezani. Niliondoa kitanda, nikaondoa kabati na meza, na mapazia nikayaweka katika bahasha. Kwa vipande vilevile, bila ya kuongeza hata kimoja, nilijenga viti vya abiria safu mbili nyuma ya dereva. Haikuwa kazi ya usiku mmoja. Upana wa ndani, ukishatoa unene wa kuta, hauvumilii kosa la hata kinundu kimoja, na mara tatu safu ya pili iligonga kuta. Ilipokaa, ilikaa kwa ile hesabu ya vibapa vitano kwa vinundu viwili. Nje hakuna kilichobadilika. V iko palepale, vioo vinafunguka, paa linainuka ingawa sasa haliinuki kwa haja yoyote. Ndani, gari linakwenda mahali pengine.

Katika zoezi hilo nilipata nilichokuwa nikikitafuta katika mjadala wetu wa miaka mingi. Maana iliweza kubadilika kwa sababu umbo lilikuwa imara. Lau ubavu wa kombi ungejengwa ovyo, ungebomoka pale nilipogusa kitanda. Kazi ya Harris ilinivumilia niliyempinga, na huo ni ushahidi wa ubora wake kuliko sifa yoyote niliyoiandika hapo juu. Vivyo hivyo, mashairi ya wazee wetu yaliyofungwa kwa urari ndiyo yanayojibika. Mtu hujibizana na shairi lililosimama. Lililolegea halimpi mpinzani pa kushika.

Kwa hiyo hukumu yangu ina pande mbili, nami siipunguzi upande wowote. Kwa umbo, kombi ya mwaka 2011 ni tafsiri ya kufundishia, na mshairi chipukizi anayelalamika kwamba vina vinambana akae nayo usiku sita kabla hajalalamika tena. Kwa maana, ni tafsiri ya abiria mmoja kati ya wengi, aliyekuwa na fedha za mafuta na wiki mbili za likizo. Wengine bado wako kituoni: mwoka mikate, mwashi, mama aliyetaka kujua kusoma ili apige kura. Vipande vya kuwapakia vimo ndani ya sanduku lilelile, na kijitabu hakimkatazi mtu kuendelea baada ya ukurasa wa mwisho.